Limbu Alipojilipa Mahari

Isongole, Rungwe
21 Januari 1979

Danieli,

Sikusalimii. Salamu utazikuta huko mwisho, kama nitakuwa bado nazo. Nani alikwambia mtu akivaa viatu vya serikali miguu yake inasahau njia ya kwa bibi yake? Mtoto wa jirani yetu amepelekwa Uganda kwenyewe, kwenye risasi, naye ameshaleta barua na picha. Wewe uko Usangu, hapo chini. Siku isiyo na ukungu nikipanda kwenye viazi ninaliona bonde lenu limelala kama ngozi iliyoanikwa, nasema, yumo humo, anakula, ananenepa, hanikumbuki. Tangu mahindi ya mwaka jana hujakanyaga hapa. Marta, huyu anayeniandikia, anasema nianze kwa upole. Nimemwambia upole autie kwenye barua zake.

Sasa sikiliza. Balozi wa nyumba kumi alipita nyumba kwa nyumba kukusanya mchango wa vita. Mmoja katoa debe la mahindi, mwingine viazi, na kuna mzee mmoja, simtaji, alitoa jogoo mgonjwa. Tulimwona wote, jogoo mwenyewe alikuwa anaona aibu. Mimi nilimtoa yule mtamba mwekundu. Ndiyo, yule tuliyemweka kwa mahari yako, uliyekuwa ukisema ndiye mke wako, bado hajavaa gauni tu. Nilimfungua kamba mwenyewe. Nilisema mjukuu wangu naye ni mgambo, huko aliko analishwa na jasho la mama wa mtu mwingine, basi na mtoto wa mwingine ale cha kwangu. Mahari tutaanza upya. Mikono ninayo.

Halafu nimesikia jambo. Dereva wa lori la mbolea anasema kuna binti wa Kisukuma anakuletea maziwa kambini, na kwamba siku hizi unachana nywele. Ana jina? Ana mama? Akicheka anafunika mdomo, au anacheka kama mtu? Niandikie.

Haya, salamu. Nimeweka dole gumba hapo chini ujue ni mimi.

Bibi yako, Andendekisye


Kambi ya Boma, Usangu
18 Februari 1979

Bibi yangu mpendwa, shikamoo,

Samahani sana. Si kwamba nimesahau. Mvua imetufunga. Mto umejaa pande zote mbili, lori la chakula halijaja tangu Krismasi, na barua hii inakwenda na mtu wa mtumbwi mpaka barabarani. Sisi ni mgambo wachache tu chini ya Koplo Liberatus, Mhehe wa Iringa mjini, wa Mlandege. Kazi yetu ni kulinda boma la ng'ombe wa mchango. Wakulima na wafugaji wa bonde zima wametoa ng'ombe kwa ajili ya vita, wakaletwa hapa wangoje treni. Treni haiji. Tunakula ugali kwa maji ya chumvi, na chumvi ikiisha tunakula ugali kwa maji. Usiku tunasikiliza vyura, mchana tunatazamana. Bibi, watu wakitazamana sana wanaanza kuchukiana. Saulo, kijana wa Mbozi niliyekuwa nalala naye hema moja, amevunjika mguu. Nitakwambia siku nyingine umevunjikaje.

Binti anaitwa Helena. Baba yake ni mzee Limbu, walihama kutoka Shinyanga na mifugo yao. Ana mama. Akicheka hafuniki mdomo. Bila maziwa yake tungekwisha. Nimemwambia baba yake nataka kuoa, naye hakunifukuza, ila Wasukuma mahari yao ni ng'ombe na hawataki maneno.

Ndiyo maana barua yako iliniuma. Ulimtoa yule mtamba bila kuniuliza. Nilikaa nayo mkononi nikatazama boma limejaa ng'ombe wasio na mwenyewe, nikafikiri mengi.

Lakini usijali, Bibi. Mahari nimepata. Usiniulize zaidi, furahi tu.

Mjukuu wako, Danieli


Isongole
4 Machi 1979

Danieli,

Nilifurahi, mpaka Marta alipomaliza kusoma. Nikamwambia rudia mwisho. Akarudia. Nikamwambia rudia tena. Furaha ikaisha.

Mtu asiye na chumvi anapataje ng'ombe? Umeokota? Wameanguka na mvua?

Helena nimempenda, huyo anayecheka na mdomo wazi. Ila nikukumbushe jambo ambalo nadhani viatu vya serikali vimekufutia kichwani. Kwetu ng'ombe wa mahari haingii uani bubu. Anayempeleka anasimama mbele ya wazee, anamshika, anamsemea: huyu ametoka kwa fulani, alikuja kwetu kwa mahari ya shangazi yake fulani, mama yake alikuwa mweusi, alifia kwa fulani. Wazee wanasikia, wanajua binti yao anaingia kwa watu wa namna gani. Ng'ombe aliyemleta mama yako hapa mimi namjua mpaka leo, alitoka kwenye ndoa ya dada yake baba yako, na kabla ya hapo alikuwa Mwakaleli. Watoto wake ndio mliokunywa maziwa. Huyo mtamba niliyemtoa alikuwa mjukuu wake.

Sasa wewe wa kwako utamsemea nini? Utasimama mbele ya mzee Limbu, umshike pembe, useme huyu ametoka wapi?

Usipeleke kitu. Ngoja mvua ipungue, baba yako mdogo Jailos aje asimame na wewe. Kama huna ng'ombe, sema huna. Binti anayekuletea maziwa wewe huna chumvi hatashangaa kusikia huna ng'ombe.

Nakupenda, ndiyo maana nina hasira. Kama ningekuwa sikupendi ningekutumia salamu tu.

Bibi yako, Andendekisye


Kambi ya Boma
30 Machi 1979

Bibi, shikamoo,

Marta, tafadhali funga mlango kabla ya kusoma, na usome polepole.

Bibi, sikuiba. Wewe ulitoa ng'ombe wa mahari yangu kwa vita. Mimi nimechukua ng'ombe wa vita kwa mahari yangu. Nimebadilishana tu. Hawa wangeoza hapa. Koplo mwenyewe amesema kila ukifika mwisho wa wiki tunaandika wachache wamekufa kwa maradhi, na kwa kweli wengine wanakufa kweli. Wengine yeye na wenzake wanawapeleka Idodi kwa njia ya porini, wanarudi na sukari, redio, vitambaa. Saulo alisema na yeye anataka kama wenzake, au atasema kwa wakubwa. Ndipo mguu wake ulipovunjika. Mimi sijachukua redio wala kitambaa. Nimechukua ng'ombe wa kuolea basi, nikachagua wazuri, sikutaka kumvunjia heshima baba yake Helena. Koplo amekubali kuwa mshenga wangu.

Jailos asije, maji bado. Tunapeleka Jumamosi baada ya Pasaka. Kuhusu kuwasemea, Koplo anasema ng'ombe hawana majina, na Wasukuma hawana desturi hiyo.

Niombee.

Danieli


Kwa mzee Limbu, Usangu
24 Aprili 1979

Kwa Bibi Andendekisye,

Shikamoo Bibi. Hunijui kwa sura. Mimi ni Helena. Nimemwomba Danieli mahali barua zake zinakokwenda, akanipa bila kuuliza. Siku hizi haulizi kitu.

Nakuandikia yaliyotokea Jumamosi ili uyasikie kwa mtu aliyekuwepo.

Baba aliita ndugu zake wote. Kwetu ng'ombe wa mahari hukaguliwa mmoja mmoja, wazee wanakaa mlangoni pa zizi, wanakubali au wanakataa, na maneno yao siku hiyo ni makali, kila mtu anajua ni desturi. Huyu kakonda. Huyu mnatuletea au mnatuazima? Huyu ana jicho la mchawi. Danieli alikuja na Koplo, wote wamepiga pasi sare zao. Sijui mkaa waliupata wapi. Nilikuwa nyuma ya nyumba na shangazi zangu, tunachungulia, tunacheka. Bibi, nilikuwa na furaha. Naomba ulijue hilo.

Wa kwanza alipita, wa pili akapita. Wa tatu hakungoja kuswagwa. Aliingia mwenyewe, akapita katikati ya wazee kana kwamba hawapo, akaenda moja kwa moja kwenye kona ya zizi karibu na gogo la chumvi, akalala.

Shangazi akaacha kucheka. Mimi nilishajua. Tulikuwa na ng'ombe tuliyemwita Kahama. Mama yake alimzaa tulipofika mji wa Kahama, njiani kuhama, na mdogo wangu akawa anasema, Kahama kahama. Nilimnywesha maji kwa vidole vyangu usiku ule kwa sababu mama yake hakuwa na maziwa. Alilala kona ile miaka yote. Balozi alipokuja kuomba mchango wa vita, baba aliona aibu kutoa aliyekonda, akatoa Kahama. Mimi nililia, akaniambia askari nao wana mama.

Baba akamwuliza Koplo, "Huyu wa tatu mmempata wapi?"

Koplo akasema, "Tumemnunua Madibira, mzee."

"Madibira kwa nani?"

"Kwa Msangu mmoja."

Baba akasema, "Msangu huyo ni fundi. Amemfundisha ng'ombe wake kulala mahali pa ng'ombe wangu."

Wazee walicheka sana, kisha wakasikia walichokicheka, wakaacha mmoja mmoja. Shangazi yangu mkubwa, ambaye hawezi kunyamaza hata kanisani, akapaza sauti kutoka nyuma, "Limbu, leo umejilipa mahari. Sasa umemuoa nani?" Maneno hayo yameshafika kila zizi la Usangu. Hata watoto wachunga ndama wanayaimba.

Baba alimgeukia Danieli. Akamwita mkwe. Akasema, "Mkwe, nasikia kwenu ng'ombe husemewa. Msemee huyu." Mimi ndiye niliyemsimulia baba desturi yenu, Bibi, nilikuwa najivunia. Danieli alisimama na mkono juu ya pembe. Nilimngoja aseme. Hata kama angesema uongo mzuri ningeusikiliza. Hakusema kitu.

Baba hakumlaza Kahama zizini. Alimfunga nje, akasema huyu si wangu, ni wa vita. Asubuhi aliwaswaga wote kuwarudisha bomani, Danieli ametangulia mbele, watu wanatazama. Walipofika baba alimwambia, "Sitamshitaki mtu aliyekunywa maziwa kwangu. Utajishitaki mwenyewe. Mkubwa wako akija, utamwambia. Mpaka siku hiyo Helena hana mchumba."

Koplo naye amemwambia Danieli kwamba atakayesema, mto una maji mengi mwaka huu.

Nifanye nini? Nikimwambia aseme, labda nitakuwa nimemuua. Nikimwambia anyamaze, sitaweza kumtazama. Kuna mtu wa Rujewa ameshaleta ujumbe kwa baba, ana ng'ombe wengi, na wote ni wake. Wewe ndiye uliyemlea. Mwandikie.

Mimi Helena Limbu


Mlandege, Iringa
2 Mei 1979

Mama mpendwa, Bibi wa Danieli,

Kamwene. Natumaini u mzima wa afya. Mimi ni Koplo Liberatus, mkuu wa kijana wako, ambaye kwangu ni kama mdogo wangu wa kuzaliwa. Nimepata ruhusa fupi nyumbani. Nimeona ni vizuri nikuletee zawadi kwa mkono wa kondakta wa basi: sukari kidogo, maana najua ilivyo adimu, na blanketi zito, maana baridi ya kwenu naifahamu.

Mama, vijana wana haraka. Danieli amefanya kosa dogo la mapenzi, mimi nimelifunika. Anataka kulifunua. Mtu mzima kama wewe ukimwambia tulia, atatulia. Vita imekwisha, Kampala imeshaanguka, hao ng'ombe nani atawauliza? Ng'ombe hufa, Mama, hasa masika. Mimi tangu ujana nimelinda mali za watu. Nimelinda ghala, nimelinda daraja, nimelinda boma. Nyumbani kwangu mvua inanyeshea watoto kitandani. Sasa ninajenga, bati limefika. Leokadia mke wangu ameanza kuimba akipika, sikumsikia akiimba tangu tuoane. Utaniambia nilirudishe bati?

Mwambie Danieli kwamba kule kambini ni mbali na mambo mengi yanaweza kumpata mtu. Nasema kwa kumpenda.

Wako mtiifu,
Liberatus


Isongole
13 Mei 1979

Liberatus,

Sukari yako imefika. Nilimwita balozi na mzee wa kanisa, Marta akaifungua mbele yao, nikasema imetoka kwa nani na kwa nini. Haijaonjwa. Iko juu ya kabati la balozi, sisimizi wakiila itakuwa wameila kwa ushahidi. Blanketi ni zuri. Sitakudanganya, nililipapasa. Nikalikunja.

Umeniita mama. Basi nikuongeleshe kama mama. Mtoto wako ananyeshewa, nimeelewa, na mimi wangu walinyeshewa. Ila bati lako limetoka kwa watu ambao nao wana watoto. Mzee Limbu alitoa ng'ombe aliyezaliwa njiani, binti yake akamlilia. Mimi nilitoa mtamba wangu. Wewe ukalala juu yake.

Leokadia anajua anachokiimbia? Muulize. Mwanamke anayeimba jikoni anaimba kwa sababu anaamini mume wake amepata kwa haki. Ukimwambia ukweli akaendelea kuimba, basi mna bahati, mmepatana.

Na kuhusu mto. Nikisikia mjukuu wangu ameteleza, ameumwa na nyoka, ameharisha tu, nitakuja Mlandege. Sina nauli, nitakuja kwa miguu. Nitakaa mlangoni pako, nitawasha moto hapo, nitapika hapo, nitalala hapo, na kila anayepita sokoni nitamwambia nimemfuata nani. Mimi sina haya hata kidogo. Niliokuwa nawaonea haya walishakufa.

Andendekisye


Isongole
13 Mei 1979

Danieli, mjukuu wangu,

Helena ameniandikia. Koplo wako ameniandikia. Wewe hujaniandikia.

Unasema umebadilishana. Kaa nikueleze. Nilipomfungua yule mtamba sikumkopesha mtu. Sikumweka kwa serikali aje atolewe na wewe. Nilitoa. Kitu ukishakitoa hakina tena mlango wa kurudia. Kama ningejua nikitoa kwa mkono wa kulia wewe unachukua kwa wa kushoto, ningemchinja nikamla, na wewe ningekuitia nyama. Umenifanya nionekane mtu aliyetoa kwa kujionyesha.

Na umewachukulia watu wale wale waliokunywesha. Hilo silijui jina lake kwa Kiswahili, na kwa Kinyakyusa silitamki mbele ya Marta.

Sasa, mkubwa akija, mwambie. Usimngoje akuulize. Simama, sema mimi nilichukua, nikapeleka mahari, wamerudishwa. Na ya Idodi useme, na ya mguu wa Saulo useme, maana Saulo ana bibi yake huko Mbozi anayefikiri ameanguka. Watakufunga. Najua. Ninajua ninachokuambia.

(Mimi Marta mwandishi: hapa Bibi ametoka nje kuangalia kuku ambao hawakuwa na tatizo lolote. Amerudi ameniambia niendelee, na nisiandike kwamba alitoka.)

Mpaka siku hiyo usitembee peke yako kwenda mtoni. Lala karibu na Saulo, umshike mkono akienda chooni, watu wakuone uko na mtu. Chakula cha Koplo usile kama yeye hajala.

Sikukulea uwe mzuri. Wazuri wako wengi. Nilikulea uweze kusema jina lako mchana.

Bibi yako


Iringa
1 Julai 1979

Bibi, shikamoo,

Nimesema.

Maji yalipopungua alikuja luteni na lori. Nilikuwa nimeandaa maneno, nikayasahau yote, nikasema tu kwamba kuna ng'ombe niliwatoa. Akaniuliza wangapi, nikaanza kulia kama mtoto. Saulo ndiye aliyemalizia, ameegemea gongo. Koplo alikana kila kitu. Alisema sisi wawili tuna wivu. Karibu aaminiwe, maana ni mtu wa kuongea.

Lakini walikwenda mpaka Mlandege kwake. Mke wake ndiye aliyewafungulia chumba cha bati na redio. Hawakuwa wamemwuliza. Ninavyosikia, alisema amepata barua ya mama mmoja mzee asiyemfahamu, iliyoandikwa kwa mume wake, lakini mume alishaondoka kurudi kambini, akaifungua yeye. Ndugu zake wanasema sasa watoto wake wako kwa mama yake, na hasemi na mtu. Bibi, nilikuwa sijui kama uliandika huko.

Mimi wamenipa kifungo mpaka mwisho wa mwaka, na nimevuliwa mgambo. Wamesema wamenipunguzia kwa kuwa nilisema mwenyewe na ng'ombe walirudi. Koplo amepelekwa mbali.

Usije kuniona. Nikitoka sitakuja moja kwa moja. Nitatafuta kibarua Mbarali nikae kimya kwanza. Nikija huko nitakuja usiku, kwa njia ya nyuma ya migomba, ili watu wa Isongole wasikutazame vibaya. Mambo ya Helena yamekwisha, nafikiri. Sikumwandikia. Nitamwandikia nini?

Nisamehe.

Danieli


Isongole
9 Septemba 1979

Danieli,

Nafikiri, nafikiri. Nani alikutuma kufikiri?

Nimetoka Usangu. Usishtuke, sikufa. Jailos alinipandisha kwenye lori la viazi mpaka Chimala, kutoka pale tulipata mkokoteni wa ng'ombe, mgongo wangu unasema mpaka leo. Tumefika kwa mzee Limbu jua likiwa kali, nikakaa chini kabla sijaambiwa karibu.

Akaniuliza, "Mama, wewe ni nani?"

Nikamwambia, "Mimi ndiye bibi wa mwizi."

Alinitazama, akasema, "Mwizi gani? Mwaka huu tuna wengi."

"Yule aliyekulipa mahari kwa ng'ombe wako."

Yule shangazi yao akapasuka kwa kicheko huko ndani, na mimi nikacheka, na mzee Limbu akajizuia akashindwa. Tulicheka mpaka nikaona machozi yake, na hayo hayakuwa ya kicheko. Alisema watu wanamcheka tangu Pasaka. Akienda mnadani wanamwuliza kama mke wake mpya hajambo. Nikamwambia, sikuja kukuomba umpokee. Nimekuja ili unione, ujue alikotoka. Alikotoka ni hapa, kwa mwanamke huyu mwenye miguu iliyovimba. Kama ana ubaya, nimemzaa mzazi wake, na kama ana uzuri, aliposema mwenyewe mbele ya mkubwa ndio huo, sina mwingine wa kukuonyesha.

Akasema, "Aliniachia aibu."

Nikasema, "Aibu nimeibeba nimekuja nayo. Nionyeshe pa kuiweka."

Aliagiza maziwa. Nilikunywa.

Kahama hayupo. Waliobaki bomani walipakiwa treni wakaenda, kama ilivyopasa. Mzee alisema hivyo tu, nami sikuongeza.

Helena nimemwona. Amekonda. Yule wa Rujewa bado anakuja, anakaa, anakunywa togwa, na ni mtu mwema, nimemsalimia, sina cha kumsema. Baba yake amemwachia Helena aamue. Nilimwuliza nikwambie nini. Akasema, "Mwambie asiniletee ng'ombe, wala asiniandikie. Aje asimame pale pale aliposimama, aseme kile ambacho hakusema. Nikishamsikia ndipo nitajua kama bado nataka." Nikamwuliza utamngoja mpaka lini? Akasema mpaka mvua za kwanza zikolee, baada ya hapo mto utajaa na yeye hatangoja upande wa pili wa mto. Sikumbembeleza. Mtu akisema vizuri hivyo unamshukuru unanyamaza.

Utatoka mvua zikiwa zimeanza, kwa hiyo huna nafasi ya kujificha Mbarali. Mbarali watakupa kazi, watakupa na chumba, na utazeekea humo unafikiri.

Kuhusu Leokadia. Nimefikiria sana mwanamke huyo. Barua ile sikumwandikia yeye, lakini imemkuta yeye. Nimemtumia blanketi. Si lile la mume wake, hilo liko kwa balozi. Langu. Hajajibu, na sitegemei ajibu. Ukipita Mlandege usiende kwake. Utakapokuwa na kitu chako mwenyewe cha kumpelekea, ndipo uende.

Sasa sikia utakavyokuja, na usibadilishe hata neno.

Usije usiku. Njia ya nyuma ya migomba nimeizibia miba, nilimwambia Jailos aizibe jana. Panda basi la asubuhi, ushuke sokoni, siku ya gulio, watu wakiwa wamejaa. Pita katikati. Watakaokutazama, watazame. Watakaokwambia jambo, wasikilize mpaka wamalize, useme ndiyo ni mimi. Wasalimie wote, hata yule wa jogoo mgonjwa. Nitakuwa nimekaa kibarazani kwa Marta, na watu watakuwa wananiangalia mimi nitafanya nini. Nitasimama. Magoti hayanisaidii, nitachukua muda, kwa hiyo usikimbie kuja kunishika. Ngoja pale pale barabarani mpaka niwe nimesimama kabisa, ndipo uje.

Bibi yako, Andendekisye